Kidole Kwenye Kioo
Sehemu ya tisa

Uvumi ulianza bombani, ukapita sokoni, ukaingia mpaka kwenye chumba cha kupigia pasi: aliyeruka kutoka ghorofa ya nne si Radi. Ni mtu mwingine.

Mama Kitinda aliusikia asubuhi akaupuuza. Akausikia tena saa nne, akamwaga maji ya pasi. Kufika saa sita alikuwa akiusikia hata pale ambapo hakuna aliyefungua mdomo. Mvuke wenyewe ukitoka kwenye pasi ulikuwa unamwambia: si Radi, si Radi.

Na hapo ndipo wiki iliyopita tulipokukatisha pumzi, msomaji. Kitinda, binti yake wa mwisho, aliingia pale kwa dobi akichechemea, akaweka simu juu ya ubao wa pasi, juu ya shati jeupe la watu, akauliza swali moja tu.

“Mama, hiki kidole ni cha nani?”

Mama Kitinda akainamia simu. Ilikuwa picha ya televisheni kubwa ukutani. Ndani ya televisheni, filamu imesimamishwa: mwanamke yuko hewani, kofia imepeperuka, uso uko wazi kama uso wa mtu aliyefungua dirisha. Na pembeni, kidole cha mtu kimeugusa ule uso. Kidole chenye kovu la kuungua, jekundu, chini kidogo ya ukucha.

“Vidole hufanana,” mama akasema.

“Hufanana. Na kovu la pasi nalo ni la mtaa mzima?”

Mama akakificha kidole ndani ya kanga. Amechelewa.

Kwa wewe uliyelikosa gazeti la wiki iliyopita, jambo lenyewe ni fupi. Radi ni nyota wa filamu za mapigano. Sifa yake kubwa, iliyoandikwa kwenye kila bango, ni kwamba anaruka mwenyewe, hana mbadala. Mbadala anaye. Ni Kitinda. Kitinda ndiye anayeruka, Radi ndiye anayeshuka kwenye gari akipunga mkono. Kitinda alitia saini karatasi kwamba atafunga mdomo, yeye na wote wa nyumbani mwake. Mdomo ukifunguka, hataitwa tena kwenye filamu yoyote, ya kampuni ile wala ya marafiki wa kampuni ile. Na kampuni ile haina maadui.

Filamu yenyewe ilipikwa kwa ajili ya kumbi za sinema. Moto, helikopta, magari mia yakipondana. Walipokuwa wanaiunga, wakaona kwamba kwenye ule mruko upepo uliinua kofia, na uso wa Kitinda ukaonekana kwa muda mfupi kuliko kufumba jicho. Mwongozaji alikuwa ameupenda ule mruko kupita kiasi.

“Uacheni,” alisema. “Ukumbini picha haisimami. Nani atamwambia mwenye mashine arudishe nyuma?”

Hesabu nzuri. Ila kumbi zilikuwa zimeanza kubaki na viti vitupu, wakubwa wakaogopa, na siku tano kabla ya siku ya kuonyeshwa wakageuza nia. Filamu ikapelekwa mtandaoni, gundi ya mabango haijakauka. Kila mwenye dole gumba akawa mwenye mashine.

Na wa kwanza kusimamisha picha akawa mama mzazi, kwenye televisheni ya kinyozi.

“Uliwaambia nini pale kwa kinyozi?” Kitinda aliuliza.

“Nilisema tu, simamisha hapo.”

“Halafu?”

“Halafu nikasema, rudisha nyuma kidogo. Kidogo tena. Hapo.”

“Mama.”

“Jina sikulitaja, mwanangu! Haki ya Mungu jina sikulitaja.”

“Ulitaja nini?”

Mama akatazama sakafu. “Nilisema, mmemwona huyo? Halafu nikajipiga tumboni. Nikasema, ni tumbo hili.”

Kitinda akakaa juu ya kapu la mashuka.

“Pale walikuwa watu wetu wote,” mama alijitetea. “Isipokuwa mmoja, alikuwa ananyolewa ndevu, ana povu mpaka masikioni. Nikajua macho yake yamefungwa.”

“Macho yalifungwa. Simu je?”

Kabla mama hajajibu, mtu akabisha mlangoni. “Hodi humu!”

Alikuwa Kocha, yule anayewafundisha watu wa filamu kuanguka bila kufa. Mama Kitinda akausukuma mkono wake chini ya lile shati, karibu kabisa na pasi iliyowaka. Joto likamla ngozi. Hakuutoa.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu. Umetupata katikati ya joto.”

Kocha alikuwa anatabasamu. Mtu aliyekuja kumfukuza mwanao hatabasamu hivyo, mama aliwaza, na moyo ukaanza kushuka mahali pake.

“Picha mmeiona,” Kocha alisema. “Nchi nzima imeiona. Wakubwa wanamtafuta mwenye kidole. Lakini kwanza wanataka kuuzima moto, na mimi nimewapa dawa. Jumamosi saa kumi alasiri, jengo lilelile, mruko uleule, laivu mtandaoni. Watu watamwona Radi kwa macho yao anaingia mlango wa chini. Atapanda ngazi. Atatokea juu na kofia yake. Ataruka.”

“Radi ataruka?” mama aliuliza.

“Mama yangu, usiniulize kama mtoto.”

Kitinda alikuwa amekwisha simama. “Kofia safari hii?”

“Tutaifunga kidevuni na kuibandika na gundi. Hata kimbunga hakiitoi.”

“Na baada ya hapo?”

“Baada ya hapo uvumi umekufa. Filamu ya pili unapewa sehemu ya kusema. Maneno manne. Uso wako mwenyewe.”

Maneno manne! Ungemwona Kitinda alivyomeza mate. Miaka sita amekuwa kisogo cha watu.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo Kocha hakuambiwa. Ule mruko wa kwanza Kitinda alitua vibaya, na goti la kulia halikurudi lilivyokuwa. Alilificha, maana mbadala mgonjwa hapigiwi simu. Aliyejua ni mama peke yake, ambaye kila alasiri alilikanda kwa kitambaa cha moto na kulifunga.

Na kwenye mruko ule, kuanguka si kazi. Chini kuna godoro la hewa kubwa kama nyumba. Kazi ni kujisukuma. Ghorofa ya pili ina kibaraza cha zege kilichotokeza mbele. Mguu usiposukuma vya kutosha, hulifikii godoro. Unakifikia kibaraza.

“Kocha,” mama alisema, “huyu mtoto goti lake…”

“Goti gani?” Kitinda alimkata.

“Kitinda.”

“Mama ana wasiwasi, Kocha, unawajua wazazi. Goti gani? Hili?” Akachuchumaa, akasimama. Akachuchumaa, akasimama. “Tatu. Nne. Tano. Nikuongezee?”

Alifika kumi huku akicheka. Juu ya mdomo jasho lilikuwa limemtoka kama shanga.

Kocha aliziangalia zile nguo zilizotundikwa. Mtu aliyefundisha watu kuanguka kwa miaka ishirini hawezi kukosa kuliona goti bovu. Aliliona. Akaamua shati la kijivu ndilo la kutazama.

“Basi tuonane Jumamosi,” alisema, na akatoka haraka kuliko alivyoingia.

Alipotoka tu, Kitinda akaanguka kwenye kapu, ameng'ata ncha ya shuka.

“Naenda kuwaambia kidole ni changu,” mama alisema. “Sasa hivi. Wanifanye watakavyo.”

“Nenda. Wewe hawatakufanya chochote. Mimi ndiye utakayenikuta hapa nakunja mashuka mpaka meno yang'oke.”

“Kukunja mashuka si kufa.”

“Wewe unasema hivyo kwa sababu hujawahi kuruka.”

Mama akarudi kwenye pasi.

Lakini mama ni mama. Ijumaa mchana aliomba ruhusa kazini, akaenda mpaka getini kwa kampuni. Mlinzi akamwangalia kuanzia kandambili mpaka kilemba.

“Unamtaka nani?”

“Radi.”

“Na mimi namtaka rais. Sogea, mama, gari linapita.”

Gari lilikuwa jeusi, vioo vyeusi. Mama Kitinda hakufikiri. Alijitupa mbele, akalipiga boneti kwa viganja viwili, paa! Mlinzi akapiga yowe. Kioo cha nyuma kikashuka nusu.

“Mwacheni,” sauti ilisema. “Ingia, mama.”

Ndani alikaa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, hana hata poda, miwani ya kusomea imening'inia shingoni, miguuni soksi zisizofanana.

“Wewe ndiye Radi?”

“Wakinipaka, ndiyo.”

Mama akamweleza yote, pumzi moja. Goti. Kibaraza. Kumi za kuchuchumaa. Radi alisikiliza bila kumkatiza, akamwomba dereva ashuke akanyooshe miguu.

“Mama,” alisema, “mimi naogopa hata kupanda kiti kubadilisha taa.”

“Basi kwa nini ulisema unaruka mwenyewe?”

“Sikusema. Walisema wao. Mimi nikanyamaza, na kunyamaza kukawa ndiyo kusema.” Akavua miwani. “Zamani mtu alioga, akavaa, akapanga foleni kwa sababu jina langu liko juu ya mlango. Sasa niko kwenye kijisanduku kama stempu ya barua. Kushoto kwangu mtu anapika keki, kulia kuna katuni ya paka. Mtu ananipita kwa dole gumba akiwa chooni. Kilichonibakia ni hiyo sifa moja, ya kuruka. Na si yangu, ni ya binti yako.”

“Basi msaidie. Sema unaumwa. Sema mguu! Mguu wa nyota ukiuma, kazi inasimama. Mguu wa mwanangu ukiuma, anatafutwa mwingine.”

Radi akafikiri. Kisha akaushika mkono wa mama, akakiona kidole chenye kovu. Mama akaganda. Radi akakikunja kile kidole taratibu ndani ya kiganja cha mama mwenyewe, kama mtu anayefunika chungu.

“Nitasema,” alijibu. “Kesho asubuhi. Nitafunga na bandeji kabisa, nije na mkongojo. Hawataweza kuniambia nipande ngazi.”

Msomaji, mama yule alitoka pale akiwa mwepesi kama pamba. Jumamosi alipiga pasi akiimba, wenzake wakadhani amechumbiwa. Mama hakumwambia Kitinda neno la ahadi ya Radi, maana aliogopa angeharibu. Na saa sita, alipolifunga goti la mwanawe kwa mara ya mwisho kabla ya safari, alilifunga vizuri tu, kwa ustaarabu, hakulibana kama siku nyingine. Kwani goti la kukaa kitako linahitaji kubanwa?

“Leo umelegeza,” Kitinda alisema.

“Damu ipite.”

“Haya. Niombee.”

“Nimeshaomba, mama yangu. Nenda.”

Saa kumi kasoro, saluni ya kinyozi ilijaa mpaka kwenye ngazi. Viti viwili vya kunyolea vilikaliwa na watu wanne. Wote walijua, na wote walijifanya hawajui, na kila mmoja alimwona mwenzake anavyojifanya.

“Karibu, Mama Kitinda!” kinyozi alisema. “Ila leo kaa mbali na kioo.”

“Mfungeni kamba!” mwingine akadakia, kicheko kikapasuka. Mama naye akacheka. Alikuwa na sababu yake ya kucheka.

Televisheni ikaonyesha jengo. Godoro la hewa chini, waandishi wamejazana, mtangazaji mwenye suti inayong'aa. Gari jeusi likaingia. Mlango ukafunguka, na kitu cha kwanza kutoka kilikuwa mkongojo.

“Ah!” watu wakasema.

Radi akashuka, amepakwa, amependeza, mguu wa kulia bandeji tupu mpaka juu ya goti. Akachechemea hatua tatu. Mama Kitinda akashika kifua. Mwanamke wa watu ametimiza neno lake. Asante, Mungu wangu. Asante.

“Ndugu watazamaji!” mtangazaji alipaza sauti. “Mnaona kwa macho yenu! Ameumia! Jana usiku, mazoezini! Daktari amemkataza! Tumemsihi aahirishe, tumempigia magoti. Na mnajua amesema nini?”

Radi alifungua mdomo. Mtangazaji akamkumbatia kwa mkono mmoja, na kipaza sauti akakipeleka upande wa pili.

“Amesema, mashabiki wangu sitawaangusha! Ataruka hivyohivyo!”

Saluni ikalipuka. Watu walipiga makofi, wakagongana viganja. Pembeni ya kioo namba ya watazamaji ilikuwa inapanda mbio. Radi alichukuliwa na wanaume wawili, mmoja kila kwapa, akaingizwa mlango wa chini. Kwa sekunde moja aligeuza shingo, akatazama kamera. Mama Kitinda aliona yale macho yanamwomba radhi.

“Hapana,” alisema. “Jamani, hapana. Nipeni simu.”

Alipiga ya Kitinda. Imezimwa. Alipiga ya Kocha. Iliita, ikaita, ikakatwa.

“Mama Kitinda, vipi?” kinyozi akamuuliza chini chini.

“Nimemuua mwanangu mara mbili.”

“Unasema nini?”

Juu ya jengo, ukingoni mwa ghorofa ya nne, mtu akatokea. Kofia imefungwa kidevuni, miwani mieusi, koti jekundu la Radi. Akasogea hatua moja. Alikuwa anachechemea.

“Ona anavyovuta mguu!” mmoja akapiga kelele. “Huyo ni chuma! Nani alisema si yeye? Aje aseme hapa!”

“Mguu uleule wa bandeji! Uvumi kwisha habari yake!”

Hakuna aliyejua kwamba ule haukuwa mchezo. Mama alijua. Aliuona mguu wa kulia unavyowekwa chini kwa uangalifu, kisigino kwanza, kama mtu anayepima maji ya moto. Akauona mkono wa kulia ukishuka na kuivuta suruali gotini. Kile kitambaa kilikuwa kimelegea. Kinateremka.

Mwili ukainama mbele. Mguu ukarudi nyuma kujisukuma.

Mama Kitinda akainyakua rimoti mkononi mwa kinyozi, akabonyeza.

Picha ikasimama.

“Aa! Mama!” Saluni nzima ikainuka. “Rudisha! Wewe mama vipi?”

“Sirudishi.”

“Mama Kitinda.” Kinyozi alimsogelea polepole, mikono wazi. “Mama yangu, nisikilize. Hii si ile ya siku ile. Hii ni laivu. Hapa umesimamisha kioo tu. Kule hakuna kilichosimama.”

“Najua.”

“Basi nipe.”

“Najua, baba. Niache kidogo.”

Aliibana rimoti kifuani kwa mikono yote miwili. Kwenye kioo Kitinda alikuwa bado yuko ukingoni, bado ana miguu miwili, bado hajafika popote. Hakuna aliyethubutu kumshika yule mama. Mashine ya kunyolea iliyosahauliwa juu ya meza ilikuwa inanguruma peke yake.

Kisha, nje, mtaa mzima ukapiga kelele kwa pamoja.

Dukani, kwenye madirisha, kwenye simu za waliosimama njiani, kote ambako laivu hufika ikichelewa kidogo na hakuna aliyeisimamisha, watu walipiga kelele moja ndefu. Ndani ya saluni kila mtu alimtazama mwenzake. Ilikuwa ya furaha? Ilikuwa ya msiba? Kelele ya watu wengi haina uso.

Wazazi wenzangu, kabla hamjakunja gazeti, epukeni haya:

Kumsifu mtoto mbele ya mtu msiyemjua, hata kama ana povu usoni.

Kugusa kioo cha televisheni kwa kidole.

Kumwacha mtoto atie saini karatasi inayosema “wote wa nyumbani mwangu” kabla wa nyumbani hawajasomewa.

Kuficha ugonjwa wa mtoto kwa sababu mtoto amekuomba ufiche.

Kumpa mkubwa uongo mdogo akusaidie nao. Ukifika juu utakuwa umekua, na hautakuwa wako tena.

Kufunga kidonda kwa matumaini. Kifunge kwa kitambaa, ukibane.

Kutoka nje kabla hujajua kelele ni ya nini.

Hilo la mwisho Mama Kitinda hakuliweza. Aliweka rimoti chini, akatoka.